Mrehani Uliopigwa Mhuri

Kwanza tuelewane: Fundi Sekunde si mjinga. Mtu anayefungua saa ya mkononi ya kike, akatoa skrubu zisizoonekana kwa macho, akazirudisha zote mahali pake na saa ikatembea, huyo humwiti mjinga. Tatizo lake ni mikono. Mikono ya Sekunde haijui kukiacha kitu kilivyo. Mpe kikombe cha chai, atakiinua juu achungulie kitako chake. Mlango ukilia kidogo tu, keshaung'oa kwenye bawaba. Mkewe ni mwalimu wa chekechea, ana watoto arobaini wenye mikono ya aina hiyohiyo, na kila wakialikwa mahali humnong'oneza, "Baba Watoto, mikono mfukoni." Naye huitia mfukoni kwa utiifu, kisha humohumo mfukoni inaanza kuzichomoa funguo kwenye pete yake moja moja.

Jina la Sekunde alipewa na wateja. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne: meza moja, taa ya shingo ndefu, na saa za ukutani ishirini na mbili, kila moja na msimamo wake. Ukimuuliza yako itakuwa tayari lini, hainui hata kichwa. "Sekunde moja tu." Kuna watu wameoa na kuzaa ndani ya sekunde hiyo. Mkono wake wa kulia yupo kinyozi, na wa kushoto yupo Mama Fotokopi, mwanamke mwenye mashine mbili, mihuri kumi na sauti moja inayofika ghorofa ya nne bila kupanda ngazi.

Sasa njoo kwa mama mkwe. Bibi huyu alikuwa mwalimu, na kwa miaka thelathini kazi yake kubwa ilikuwa kulinda bahasha za mitihani zisifunguliwe kabla ya wakati. Hakuwa mkali, ila alikuwa na jicho. Na kwa miaka kumi na tisa, tangu Sekunde amuoe binti yake wa kwanza, alikuwa akimwita "Fundi". Fundi karibu, Fundi kula, Fundi lala salama. Utadhani amekuja kutazama bomba. Mkwe wa pili, muuza magodoro, ambaye kipaji chake pekee ni kucheka kwa sauti, aliitwa "mwanangu" wiki ya kwanza tu. Sekunde husema hilo halimsumbui. Muongo! Linamuwasha kama upupu, na mkewe anajua, maana kila wakitoka huko humkuta mzee mzima anafungua redio isiyo na kasoro yoyote.

Basi bibi alikuwa na mrehani wake. Si mrehani wa hivihivi. Shina la zambarau, majani madogo madogo, na harufu ambayo ukiipitia karibu unasikia karafuu kwanza, halafu limau linakuja nyuma yake. Aliuotesha kwenye ndoo kuukuu ya bati iliyobanduka ukingo, na hakuna aliyewahi kupata hata kijiti. Majirani waliomba, wifi zake waliomba, binti zake walipiga magoti. Jibu lilikuwa moja: "Haugawiwi."

Siku moja binti wa mwisho akajifungua pacha, na bibi akaitwa akakae huko wiki sita. Nani abaki na mrehani? Majirani hawakuaminika, wangekata. Kwa muuza magodoro kuna paka wawili wanaolala kwenye kila chenye udongo. Ikabaki nyumba moja. Asubuhi ya Jumatatu bibi akatokea mlangoni amekumbatia ndoo, akampita binti yake, akaikabidhi moja kwa moja mikononi mwa Sekunde.

"Fundi," akasema. "Maji asubuhi. Jua la asubuhi. Basi. Usiutengeneze."

Sekunde hakusikia hata neno. Alichosikia ni kwamba amechaguliwa yeye. Siku nzima aliimba kibandani mpaka kinyozi akaja kumuuliza kama kuna habari za urithi.

Maji akatia. Jua akaupa. Siku tano zikapita salama salimini. Siku ya sita, Jumamosi, alipita karibu na dirisha, akabana kioo chake cha kukuzia jichoni, atupie jicho tu. Lo! Chini ya jani palikuwa na vidudu vya kijani, vidogo kama vumbi, vimejipanga vinanyonya. Kwa Sekunde hao hawakuwa wadudu. Huo ulikuwa uchafu ndani ya mashine, na uchafu ndani ya mashine una dawa moja tu duniani.

Mkewe alikuwa kwenye kikao cha wazazi. Sekunde akatandika gazeti, akaleta brashi yake laini ya manyoya na chupa ya petroli anayosafishia saa. Akaanza jani la kwanza, juu na chini. La pili. La tatu. Kwa saa mbili na nusu aliusugua mrehani ule jani kwa jani huku akipiga mluzi, na kama petroli isingemwishia lisingebaki hata moja. Tawi moja la chini, lililoinamia upande wa pili wa ndoo, lilikosa zamu. "Hilo kesho," akajiambia, akarudi nyuma hatua mbili autazame. Uling'aa kama viatu vya bwana harusi.

Kesho yake ulikuwa mweusi. Majani yamejikunja, shina limelegea, na nyumba nzima inanuka kituo cha mafuta.

"Umeufanya nini?" mkewe akauliza, mkono kifuani.

"Nimeusafisha."

"Kwa kitu gani?"

"Petroli. Lakini ile safi."

Mwalimu wa chekechea alifungua mdomo agombe, kikatoka kicheko. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa amekaa, mwishowe akateleza kwenye kochi akamalizia sakafuni, mbavu hana. Sekunde alisimama pale na brashi yake, hajui acheke au aombe radhi.

"Nitanunua mwingine," akasema. "Sokoni ipo."

Hapo kicheko kikakatika. Mkewe akajifuta machozi, akamtazama kama anavyomtazama mtoto aliyetia shanga puani. "Baba Watoto, mama anaujua mrehani wake akiwa amefumba macho. Mrehani ukikufa, utaendelea kuitwa Fundi mpaka uzeeni, shauri yako. Lakini ukimdanganya, hata hilo Fundi hulipati tena."

Maneno hayo yaliingia. Miaka kumi na tisa amengoja apewe kitu cha kutunza, amekaa nacho siku tano. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la mkuu lilikuwa fupi kabisa: usiutengeneze.

Jumatatu alibeba lile tawi moja lililosalimika, amelifunga kwenye kitambaa cha maji, akaliweka mbele ya Mama Fotokopi bila salamu. Mama Fotokopi alisikiliza kisa chote. Kisa kilipofika kwenye petroli ikabidi azime mashine, maana alikuwa anatoa nakala zimepinda.

"Mrehani ni rahisi kuliko saa," akasema alipopata pumzi. "Unakata chini kidogo ya kifundo, hapa majani yanapotokea. Majani ya chini unayatoa, yasioze kwenye maji. Ya juu unayaacha. Unatia kwenye glasi, mahali penye mwanga lakini jua lisiuchome. Maji unabadilisha kila baada ya siku mbili. Halafu, Sekunde, unisikilize vizuri. Halafu unauacha."

"Unauacha unafanya nini?"

"Unauacha!"

Tawi lilitoa vipande vitatu. Vitatu tu, na ndiyo mrehani wote wa bibi uliobaki juu ya ardhi hii. Sekunde akavipanga mezani kwenye glasi tatu.

Wa kwanza ulikufa kwa kupendwa. Asubuhi anauchomoa majini autazame kwa kioo, mchana anauchomoa, jioni kabla ya kufunga anauchomoa auage. Siku ya sita kikatokea kidoti cheupe. Siku ya nane kilikuwa uzi, mzizi kamili! Sekunde akapiga ukelele mpaka mteja wa kinyozi akakatwa sikio kidogo. Ila ule mzizi ulikuwa umepinda. Kupinda kwenyewe kidogo tu, na ningekuwa mimi nisingeona. Yeye aliona. Akachukua kibano aunyooshe.

Wa pili, sitaki hata kuusema. Alifikiri na kufikiri kwa nini wenyewe hautoi mizizi, akaamua kuna mahali unakwaruza, akautia tone moja la mafuta ya saa.

Mama Fotokopi alipoyaona yale mafuta yanaelea, aliacha nakala zake mashineni. Aliuchukua wa tatu kutoka mezani, akaenda nao kwake. Akaizungushia glasi karatasi nyeupe mara mbili, kuanzia kitako mpaka ukingoni, majani peke yake yakabaki yanachungulia juu. Akapaka gundi pale karatasi zilipokutana. Kisha, huku Sekunde ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, akagonga mhuri: pa, pa, pa, mitatu kwenye kiungo, nusu huku nusu huku, tarehe juu yake, na sahihi.

"Kama bahasha ya mtihani," akasema. "Maji nitabadilisha mimi, nikiwa nimekupa mgongo. Wiki mbili. Nikikuta mhuri umepasuka, mimi mwenyewe ndiye nitakayempigia simu mama mkwe wako."

Jamani, subira huvuta heri, lakini kwanza inamvuta mtu nywele. Siku ya kwanza Sekunde aliizunguka glasi kama paka anayezunguka bakuli lenye kifuniko. Siku ya pili alijaribu kuimulika na tochi, karatasi mbili zikagoma. Siku ya tatu aliiwekea sikio.

"Nakuona," akasema Mama Fotokopi bila kugeuka.

"Nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini? Unatiktika?"

Korido nzima ikaingia kwenye mambo. Watu wa ghorofa ya pili, waliokuwa hawajawahi hata kumsalimia, sasa wakishuka ngazi wanauliza, "Fundi, matokeo bado?" Kinyozi alishikilia mizizi itakuwa saba. Mlinzi wa jengo akasema itakuwa kumi na moja, na hakuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Nyumbani, mkewe akimkuta ameduwaa mezani alimwambia kwa sauti ya darasani, "Haya, tunavuta pumzi... tunaitoa."

Na mikono je? Mikono ilibaki haina kazi. Inawasha, inatafuta, imenyimwa glasi. Ikageukia saa. Saa ya mkononi ya mwalimu mmoja iliyokaa miezi minane ikatoka siku moja. Ya mjane wa ghorofa ya tatu, iliyokaa miaka miwili, ikatoka. Mwenyewe alipokuja kuichukua alikuwa ameshasahau kwamba anayo. Sekunde akamaliza za wateja, akapanda ukutani. Siku ya kumi na tatu, saa sita mchana kamili, saa zote ishirini na mbili ziligonga kwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu kibanda kizaliwe. Mteja mmoja alitoka mbio kwa kinyozi na shuka shingoni akidhani jengo linaanguka.

Siku ya kumi na nne Mama Fotokopi akazima mashine zote mbili. Akakagua mhuri mbele ya mashahidi: mzima. Kinyozi akaleta wembe mpya. Karatasi ikakatwa, ikavuliwa taratibu.

Mizizi! Si saba wala kumi na moja. Haikuhesabika. Ilijaa glasi kama ndevu za babu, mirefu, myeupe, imepinda kila upande, hakuna mmoja ulionyooka, na yote mizima. Sekunde alimkumbatia kinyozi, akamkumbatia mlinzi, akataka kumkumbatia Mama Fotokopi ambaye alimnyooshea mkono, wapeane mikono tu. Alicheka mpaka akajikuta amekaa kwenye ngazi. Watu walipiga makofi ghorofa kwa ghorofa, na aliye juu kabisa alipiga bila kujua ni kwa ajili ya nini.

Jioni ile akaupanda kwenye ndoo ileile ya bati iliyobanduka ukingo, aliyokwisha kuisugua kwa sabuni na kuitia udongo mpya. Mrehani wa vidole viwili ndani ya ndoo nzima ulionekana kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Akauweka dirishani. Kisha, na hili mkewe aliliona kwa macho yake, akatia mikono mfukoni na kuondoka.

Siku tisa baadaye mama mkwe akarudi.

Hakukaa. Hakunywa maji. Alishika mkoba wake kwapani, akapita sebuleni moja kwa moja mpaka dirishani, akasimama. Mkewe Sekunde akajifanya anatafuta kitu kabatini. Sekunde mwenyewe alikuwa nyuma ya kochi. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu, yenye hali ya hewa na wadudu waharibifu ndani yake. Ilimpotea yote.

"Mama," akasema, "niliutengeneza."

Akaeleza kila kitu. Petroli, brashi, saa mbili na nusu. Kibano. Tone la mafuta. Na wa tatu, uliokaa wiki mbili bila kuchunguliwa. Hakuruka hata moja, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi hakugeuka. Mabega yake tu yalianza kutikisika, na Sekunde akajua amemliza, mama wa watu, na hapo ndipo alipotamani sakafu ipasuke.

Bibi aligeuka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yanashuka, mkono mmoja umeshika dirisha asianguke. Binti yake akatoka kabatini; hajawahi kumuona mama yake hivyo tangu azaliwe.

"Petroli!" bibi akasema. "Ee Mungu wangu, petroli!" Akakaa kwenye kochi, akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Ndani yake mlikuwa na kijiti kimekauka, cheusi, hakina jani.

Sekunde alikitazama. Shina lilikuwa na rangi ya zambarau kwa mbali.

"Asubuhi ile kabla sijakuletea ndoo nilikata vijiti vitatu nikaenda navyo," bibi akasema. "Sikukuamini hata kidogo, Fundi. Nikasema, huko liwe liwalo, mimi nina akiba. Nikavitia majini kule kwa pacha." Akatazama upande. "Kila asubuhi nilivichomoa nione vimefika wapi. Na mchana. Hiki cha mwisho nilikichomoa ndani ya basi."

"Mama!" binti yake akasema. "Wewe? Wa bahasha za mitihani?"

"Bahasha hazina mizizi, bwana. Niache."

Ikawa zamu yao wote watatu kucheka, na wakacheka vizuri. Bibi alipotulia alinyanyuka tena, akaenda kwenye ndoo, akapitisha kidole juu ya majani bila kuyabana, akakinusa. Karafuu, halafu limau nyuma yake. Akafumba macho.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe. Uliwezaje kutouchungulia wiki mbili nzima?"

"Nilifungiwa. Kwa mhuri."

Akamsimulia ya Mama Fotokopi: karatasi mbili, gundi, nusu huku nusu huku. Bibi alisikiliza kama mtu anayesikia habari za ukoo wake. "Sahihi aliweka? Na tarehe? Huyo kesho unipeleke nikamsalimie."

Kisha akafanya jambo ambalo wifi na majirani wakisikia hawataamini. Akamwomba mkasi binti yake, akampa Sekunde.

"Kata hapa juu, ubakize vifundo viwili. Ukikatwa kilele unatoa matawi pembeni. Mkono wangu siku hizi unatetemeka."

Sasa na wa Sekunde ukaanza. Mkono unaoshika springi nyembamba kuliko unywele ulitetemeka mbele ya kijiti cha mrehani. Akavuta pumzi, akaitoa kama alivyofundishwa, akakata. Bibi mwenyewe akatia glasi maji, akauingiza, akazungushia karatasi mara mbili, akapaka gundi ya watoto wa chekechea. Mhuri haukuwepo, basi akaandika jina lake pale karatasi zilipokutana, nusu huku nusu huku, kwa mwandiko wa mwalimu.

Sekunde akachukua mfuko, amfungie mama mkwe wake aende nao nyumbani.

"Wa nini huo mfuko?" bibi akauliza. Akaisukuma glasi mezani mpaka ikamfikia kifuani. "Kaa nao wewe, mwanangu. Mimi nitauchungulia."

Alilisema jinsi mtu anavyosema nipe chumvi, akaenda zake jikoni kuuliza habari za chai. Sekunde alibaki mezani ameishika glasi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza mikono ile haikuwa inatafuta kitu.

"Baba Watoto," mkewe akamwinamia, "unalia?"

"Petroli. Imeniingia jichoni."

"Petroli gani? Si iliisha yote?"

"Basi ni harufu yake," akasema Sekunde, "na usinichekeshe, glasi itamwagika."